Uzi wa timazi chini ya mninga

Agosti 2011 nilikuwa msaidizi wa fundi wa bunduki katika kambi ya wawindaji kando ya mto Ugalla, mkoani Tabora. Enzi hizo Ugalla lilikuwa bado pori la akiba. Hifadhi ya taifa limekuja kuwa mwaka 2019.

Jioni moja akafika mgeni na bunduki yake ya risasi za .308. Kwao alikuwa mlenga shabaha wa masafa marefu, akaomba apige kidogo mbugani kabla ya kuanza kuwinda. Safarini skrubu za pete zinazoshika darubini zilikuwa zimelegea. Mzee wangu wa kazi alikuwa Sikonge kwenye msiba, nikaifunga upya peke yangu kwa mwanga wa chemli. Msalaba wa darubini, ile mistari miwili ya kulengea ndani yake, niliunyoosha kwa macho tu, nikaona umesimama.

Asubuhi, mita 100, matundu matatu yakakaa mahali pa kufunikwa na kizibo cha soda. Mgeni akanipa mkono. Tukapeleka ubao mita 400, akazungusha kitasa cha juu ya darubini, kile cha kupandisha risasi kwa masafa, akapiga. Kulia, upana wa kiganja. Akapiga tena, palepale. Akasema ni upepo. Lakini moshi wa jikoni ulikuwa umesimama wima kama shina la mvumo, nami tumbo likanikata.

Mzee alirudi saa saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliifunga kwa timazi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akaweka pimamaji ndogo mgongoni mwake hadi kiputo kikatulia katikati, kisha akafunga nati kubwa kwenye uzi mweupe na kuuning'iniza kwenye tawi la mninga, hatua thelathini mbele. "Chungulia."

Nikachungulia. Uzi na mstari wa msalaba vilikuwa vimepishana kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Mbung'o alikuwa ananiuma shingoni, sikumfukuza.

Kitasa kinapandisha risasi kwa kufuata mstari ule. Mita 100 huoni kasoro, maana hujakizungusha. Hadi mita 400 risasi ya .308 imeshuka karibu mita nzima; ukiipandisha kwa mstari uliolala digrii tano, inakwenda kando sentimita tisa hivi. Ndicho kiganja changu.

Tulilegeza pete, nikaizungusha darubini taratibu, kwa unywele, mpaka uzi ukapotea nyuma ya mstari. Skrubu tukazikaza kwa kupishanisha, kidogo kidogo, hii kisha ya upande wa pili, kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Mzee akapaka tone la rangi ya kucha kwenye kila kichwa cha skrubu, likiambaa hadi kwenye pete. Ikisogea, rangi inakatika na unaiona.

Kesho yake, kabla ya mazigazi kuanza kucheza mbugani, tulichora mstari wa timazi kwenye boksi refu mita 100. Kitasa cha darubini ya mgeni kililia kliki kila kilipozungushwa kidogo, na kila kliki ilisogeza risasi sentimita moja kwa umbali huo. Kliki 50 juu: tundu likatoboka juu ya mstari, sentimita 50 kamili. Kliki 50 chini: risasi ikarudi ilikoanzia.

Mita 400 nilikwenda mwenyewe kwa miguu kuukagua ubao. Matundu matatu, yote katikati. Nilipogeuka, mzee alikuwa anakunja uzi wake, akaniwekea mfukoni pamoja na nati.