Hei ya Watu Watatu: Jinsi Nilivyoacha Kugongana na Wenzangu

Kwa karibu mwaka mzima, kila nilipouliza namna ya kucheza hei, yaani mchoro ambamo wachezaji wa mstari mmoja hupishana kwa kupindapinda, katika ngoma za kijijini za Kiingereza, nilipewa jibu moja: mpishe wa kwanza kwa bega la kulia, yaani bega lako la kulia lipite kando ya lake la kulia, anayefuata kwa bega la kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, hivyo hivyo mpaka muziki ukome. Walionijibu walikuwa watu wema na wachezaji hodari, na miguu yao haikukosea hata mara moja. Maneno yao ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na kasoro hiyo iliniumiza kiasi kwamba nimeona niieleze kwa Kiswahili, kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliye ughaibuni atakayepita njia hii.

Ninaishi Sheffield, Uingereza, na ngoma hizi huchezwa kila wiki katika ukumbi wa kanisa ulio karibu na nyumba yetu. Kiingilio ni pauni nne au tano hivi, chai ikiwamo. Hakuna anayelazimika kuja na mwenzi wake, kwa kuwa watu hubadilishana wenzi baada ya kila ngoma, jambo lililonifaa sana mimi niliyekuwa mgeni. Mpigaji wa fidla na mwenzake wa kodiani hukaa mwisho mmoja wa ukumbi, na mwisho huo ndio unaoitwa juu. Upande wa pili, hata mlango uwe wapi, ndio chini. Tafadhali lishike jambo hili la juu na chini, maana ndilo lililoniokoa baadaye.

Bibi yangu alikuwa mchezaji wa lelemama, na nilidhani kwamba mtu aliyekulia katika ngoma za mstari hatapata taabu. Lakini katika lelemama uzuri wote umo katika mikono, shingo na utulivu wa mwili, na mchezaji hukaa palepale alipopangwa. Katika ngoma hizi za Kiingereza hatua yenyewe ni kutembea tu kwa wepesi, hata mzee wa miaka 80 huimudu, na uzuri wote umo katika michoro ambayo watu huichora sakafuni kwa kubadilishana mahali. Ukijua kutembea umekwisha kujua kucheza. Kazi iliyobaki ni kujua uendako.

Mipangilio ni mingi. John Playford, aliyechapisha huko London mwaka 1651 kitabu cha kwanza kinachojulikana cha ngoma hizi, alieleza ngoma 105, nyingine za duara, nyingine za mraba wa jozi nne, nyingine za safu ndefu ambamo wanaume husimama mstari mmoja na wanawake mstari wa pili, wakitazamana. Safu ndefu inayopokea jozi zozote zitakazojitokeza ndiyo iliyotawala katika matoleo yaliyofuata, na ndiyo inayojaza usiku mwingi katika ukumbi wetu. Humo jozi ya kwanza hucheza na ya pili, zikabadilishana mahali, kisha kila moja ikakutana na jozi mpya: za kwanza hushuka, za pili hupanda. Jozi ikifika ncha ya safu husubiri mzunguko mmoja bila kucheza, na ikirudi ndani huwa imebadilika, aliyekuwa wa kwanza sasa ni wa pili. Jambo hili nililielewa katika usiku mmoja. Hei ndiyo iliyonishinda.

Hei huchezwa hivi: watu watatu wakiwa katika mstari mmoja hupishana bila kushikana mikono, kila mmoja akifuata njia yenye umbo la namba nane, mpaka wote wamerudi walipoanzia. Muda unaotolewa kwa kawaida ni hatua 16. Ukiwatazama wanaojua, utaona kitu kama maji yanayozunguka mawe. Ngoma iitwayo The Black Nag, ambayo huchezwa na jozi tatu, inayo katika sehemu yake ya tatu: wanaume watatu hucheza hei yao, kisha wanawake watatu hucheza ya kwao.

Usiku wa fedheha yangu nilikuwa mwanamke wa pili, yaani wa katikati. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nikirudia jikoni kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtoto anayehifadhi sura ya Kurani. Wanaume walimaliza, zamu yetu ikaanza. Mwanamke wa kwanza alishuka kuelekea kwangu, tukapishana kwa bega la kulia, vizuri kabisa. Nikafika juu, nikageuka, nikamwona mwanamke wa tatu anapanda kunijia, na kichwa changu kikaniambia: ulikwisha kupisha kulia, sasa ni kushoto. Nikaelekea kushoto kwa imani yote. Naye, aliyejua alichokifanya, akaja kwa bega la kulia. Tuligongana uso kwa uso, miwani yake ikaanguka, na mwanamke wa kwanza aliyekuwa anageuka kule chini akarudi akakuta njia imezibwa na watu wawili wanaoinama kutafuta miwani. Muziki haukusubiri. Niliomba radhi, nikasamehewa papo hapo, na wakati wa chai nikapewa tena ushauri uleule wa kulia na kushoto.

Nilijaribu njia nyingine. Mmoja aliniambia nisifikiri, nimfuate tu aliye mbele yangu. Lakini katika hei hakuna aliye mbele yako, kila mtu anakuja dhidi yako. Mwingine aliniambia nitazame sakafu, na nikaona kwamba mwenye kutazama sakafu humwona mwenzake akiwa amekwisha kuchelewa. Nilichora umbo la namba nane kwenye karatasi na kulifuata kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka. Mchoro ulionyesha njia ya mtu mmoja tu, na taabu yangu ilikuwa kwamba watu watatu wako kwenye njia hiyo kwa wakati mmoja.

Jibu lilinijia Jumapili jioni nikiwa nimekaa kwenye kochi, binti yangu ameketi chini mbele yangu, ninamsuka nywele za shule. Nilikuwa nimegawa nywele mafungu matatu. Fungu la kulia nikalipitisha juu ya lile la katikati. Kisha fungu la kushoto nikalipitisha juu ya lile lililokuwa sasa katikati. Kisha la kulia tena. Mikono ikasimama. Mafungu matatu, watu watatu. Kila fungu huenda ukingoni, hujipinda, hurudi katikati, huvuka hadi ukingo wa pili, hujipinda tena. Binti yangu akasema, “Mama, mbona umeacha?” Nikamwambia asubiri kidogo, nikaendelea kusuka polepole sana, nikiangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Nilichokiona ni hiki. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unafanya mvuko wa aina moja tu, haubadiliki, na wa kushoto mvuko wa aina ya pili, haubadiliki. Fungu lenyewe ndilo lililokuwa likisafiri kati ya mikono hiyo miwili. Hakuna fungu lililolazimika kukumbuka lilivuka vipi mara iliyopita. Aina ya mvuko ilitokana na mahali.

Alipolala nilichukua nyuzi tatu za sufu, nyekundu, nyeupe na ya kijani, nikazifunga kwenye mpini wa kabati na kuzisuka huku nikihesabu. Baada ya mivuko sita, kila rangi ilikuwa imerudi mahali pake pa mwanzo: nyekundu, nyeupe, kijani. Hei ya watu watatu ina kupishana mara sita vilevile, na kila mtu hushiriki mara nne kati ya hizo. Niliandika zamu za mtu wa katikati, yaani zangu za usiku ule: kulia na wa kwanza, kisha, baada ya kugeuka kule juu, kulia tena na wa tatu, halafu kushoto na wa kwanza, na baada ya kugeuka kule chini, kushoto tena na wa tatu. Kulia, kulia, kushoto, kushoto! Nikaandika za mtu wa kwanza: kulia, kushoto, kushoto, kulia. Za mtu wa tatu: kushoto, kulia, kulia, kushoto. Katika watu wote watatu hakuna hata mmoja ambaye zamu zake ni kulia, kushoto, kulia, kushoto hadi mwisho. Nilikaa jikoni usiku ule nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja, maana mwaka mzima nilikuwa nimejilaumu kwa kutii.

Baadaye nilielewa ushauri ule ulitoka wapi. Kuna mchoro mwingine, ndugu wa hei, ambamo watu wanne au zaidi huzunguka katika duara wakipeana mkono wa kulia kwa mmoja na wa kushoto kwa anayefuata. Humo ushauri ni sahihi kabisa, kwa sababu duara halina ncha na hakuna anayegeuka kurudi alikotoka. Mstari una ncha. Anayefika kwenye ncha na kugeuka hupisha tena kwa bega lilelile alilopishia kabla ya kugeuka, na hapo ndipo hesabu ya kubadilisha-badilisha inapokatika. Wachezaji wazoefu hufanya hivyo kwa miguu bila kujua kwamba midomo yao inasema jambo jingine.

Kwa hiyo mimi sasa sihesabu. Ikiwa hei imeanza na wawili wa juu kupishana kwa bega la kulia, basi yeyote nitakayekutana naye nusu ya juu ya mstari, karibu na wanamuziki, nitampisha kwa bega la kulia, na yeyote nitakayekutana naye nusu ya chini nitampisha kwa la kushoto, haidhuru ni nani wala ni mara ya ngapi. Nikifika ncha hugeuka kuelekea upande wa bega nililotoka kupishia: juu hugeukia kulia, chini hugeukia kushoto. Mgeuko uwe mpana, na hatua zisikatwe, kwa sababu anayegeuka kwa pupa hurudi katikati kabla mwenzake hajapita. Macho yawe kwa anayekuja. Hei ya watu wanne nayo hufuata mahali: wawili wa kila ncha wakianza kwa kupishana kwa bega la kulia, basi kwenye ncha ni kulia siku zote na katikati ya mstari ni kushoto siku zote.

Si kila ushauri unaopingana na mwingine una kosa, na hili nalisema kwa haki. Niliwahi kuambiwa mambo mawili tofauti kuhusu mchoro ambao wenzi husogeleana bega kwa bega kisha hurudi nyuma. Mmoja alinifundisha kupita kwa mzunguko hadi mahali pa mwenzangu na kurudi kwa mzunguko. Mwingine alisema nisogee tu mpaka tuwe sambamba, nirudi kinyumenyume. Niliudhika, nikidhani mmoja wao hajui. Kumbe mzunguko ule ni tafsiri ya Cecil Sharp, aliyefufua ngoma hizi mwanzoni mwa karne ya 20 na kuanzisha chama chake mwaka 1911, akisoma maelezo mafupi mno ya Playford. Na namna ya pili ilipendekezwa na Pat Shaw, mwalimu na mtunzi wa ngoma hizi, miongo kadhaa baadaye. Zote mbili huchezwa, na mwenye kuelekeza ngoma husema anataka ipi. Ukimsikiliza yeye, hutapotea.

Wiki mbili baada ya ile Jumapili, The Black Nag ilichezwa tena. Niliomba mwenyewe nafasi ya jozi ya pili. Mwanamke wa tatu alikuwa yule yule wa miwani, na nilimwona akiivua na kuiweka dirishani, jambo ambalo nisingeweza kumlaumu. Wanaume wakamaliza, sisi tukaanza. Kulia na wa kwanza. Nikageuka juu kwa upana, nikamwona wa tatu anakuja, tuko nusu ya juu, kulia tena, na mabega yetu yakapita bila hata nguo kugusana. Nikashuka, nikaingia nusu ya chini, wa kwanza akanijia, kushoto. Nikageuka, kushoto tena na wa tatu, na hatua ya 16 ikanikuta mahali pangu hasa, pamoja na wenzangu wawili, kila mmoja pake. Nilihisi kile nilichokuwa nikikiona kwa wengine na kukitamani, kwamba watu watatu wamekuwa kitu kimoja kinachozunguka.

Wakati wa chai nilimtolea yule mzee aliyenifundisha kulia na kushoto zile nyuzi tatu, ambazo nilikuwa nimezitia mkobani zikiwa zimesukwa mivuko sita. Nilimweleza kwa heshima, kwa kuwa ni mtu aliyecheza miaka mingi kuliko umri wangu. Alizifumua pole pole mezani, akazisuka tena mwenyewe, akigusa kila mvuko kwa kidole na kutaja bega lake kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye uzi mweupe unaogeuka ukingoni alinyamaza, akarudia mara mbili, kisha akainua uso na kuniomba abaki nazo mpaka wiki ijayo, kwa sababu kuna wageni watatu wanaoanza na yeye ndiye atakayewafundisha hei.