Kabla ya Kuilaumu Pampu: Kutunza Coaster ya Dizeli Iliyogeuzwa Nyumba

Gari ninalolitumia kama nyumba ya safari ni Toyota Coaster ya mwaka 1997 yenye injini ya 1HZ, ambayo viti vya abiria viling'olewa na mahali pake pakawekwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati. Nililichagua kwa sababu moja kubwa: kutoka Kariakoo hadi Tunduma hakuna mji mkubwa usio na fundi aliyewahi kuifungua injini hii, kwa kuwa ndiyo injini ya Coaster nyingi zinazobeba abiria na wanafunzi, na ndiyo iliyomo katika Land Cruiser nyingi za halmashauri, hospitali na kampuni za utalii. Hata hivyo, wingi wa mafundi una upande wake wa pili. Ukifika gereji na gari la dizeli linalotoa moshi au linalokosa nguvu mlimani, mara nyingi hukumu hutolewa hata kabla kifuniko cha injini hakijainuliwa: pampu ya dizeli imekufa, au nozo zinazonyunyizia mafuta ndani ya silinda zimechoka. Hivyo ndivyo vitu vya gharama kubwa kuliko vingine vyote katika mfumo wa mafuta, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili kutuhumiwa mwisho, baada ya vitu vya bei ndogo kuthibitishwa kuwa vizima.

Faida ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ni kwamba haina kompyuta wala taabo, yaani kifaa cha kuishindilia hewa injini. Ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, zikilishwa na pampu moja ya mzunguko. Inachohitaji ni dizeli safi isiyo na hewa ndani yake, hewa ya kutosha, na mgandamizo unaozalisha joto la kuiwasha dizeli hiyo. Umeme unahitajika wakati wa kuwasha, na baada ya hapo kwa kazi moja tu, yaani kuishikilia wazi solenoidi ya pampu, yaani vali ya umeme inayoruhusu mafuta kupita. Ndiyo maana namna injini inavyozima ni habari ya kwanza ya kusikilizwa. Ikizima ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo, kagua kwanza waya wa solenoidi na fyuzi yake. Ikianza kusuasua, ikapanda na kushuka, kisha ikazima polepole, umeme hauhusiki, bali mafuta hayafiki inavyopasa.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Katika 1HZ hakuna pampu ndogo ya kusukuma dizeli kutoka tangini. Pampu kuu yenyewe ndiyo inayoivuta kupitia chujio dogo la ndani ya tangi, mabomba na filta. Kwa hiyo njia yote kuanzia tangi hadi kwenye pampu iko katika mvuto, si katika shinikizo, na mpira uliopasuka katika sehemu hiyo hautadondosha hata tone moja la dizeli chini ya gari. Utafyonza hewa tu, kama mrija wenye tundu. Mwenye gari huinama, akaona pakavu, akaamini kwamba mabomba ni mazima. Dalili yake huonekana asubuhi: usiku kucha dizeli imerudi tangini taratibu, stata inazunguka muda mrefu bila injini kushika, lakini ukiibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, injini inawaka mara moja. Gari lenye dalili hiyo halihitaji pampu mpya. Mara nyingi linahitaji mipira mipya na vibanio vyake, au pampu ya mkono yenyewe, kwa sababu mpira wa ndani ya kifaa hicho huchoka na kuwa mlango wa hewa.

Kipimo chake ni kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, kile kinachouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, urefu wa kiganja kimoja. Kifunge kati ya filta na pampu, washa injini, kisha angalia. Katika mfumo mzima, dizeli iliyomo ndani yake itaonekana imetulia kabisa, yenye rangi ya manjano hafifu, kana kwamba haiendi popote, baada ya vipovu vya mwanzo kupita. Ukiona vipovu vidogo vikiendelea kupita kwa mfululizo, anza kurudi nyuma kiungo kimoja baada ya kingine kuelekea tangini mpaka vikome, na utakapovikomesha umekipata chanzo.

Kipimo cha pili huondoa ubishi wote uliobaki. Weka dizeli safi katika dumu lililoinuliwa juu kuliko injini, peleka mpira wake moja kwa moja kwenye mlango wa pampu, na ule wa marejesho, unaotoa dizeli iliyozidi, uurudishe katika dumu hilo hilo. Ikiwa injini iliyokuwa inasuasua sasa inanguruma sawasawa na kupokea mafuta vizuri, basi pampu na nozo zimesafishiwa jina, na ugonjwa uko katika tangi, mabomba au filta. Chujio dogo lililo kwenye mdomo wa bomba ndani ya tangi ni mtuhumiwa mkubwa katika magari ya umri huu: gari huenda vizuri kwa saa nzima, uchafu ukakusanyika pale, nguvu ikapungua mlimani, dereva akasimama, uchafu ukaanguka, na safari ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuhusu dizeli yenyewe, wengi wetu tunaikumbuka enzi ya uchakachuaji, wakati mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu kiasi cha kuchanganywa na dizeli, hadi Serikali ilipoipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuiondoa tofauti hiyo. Madhara ya mchanganyiko huo kwa pampu ya mzunguko ni makubwa kwa sababu pampu hii haina oili yake; inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, jambo jema kwa mapafu yetu, ingawa katika magari ya zamani sili za pampu, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, zilizozoea dizeli ya awali huweza kuanza kuvuja. Sili ni kitu cha kubadilishwa na fundi wa pampu. Uvujaji wake si sababu ya kununua pampu nyingine. Adui wa kila siku ni maji. Gari-nyumba hukaa muda mrefu bila kutembea, na tangi lililo nusu katika hewa ya Tanga au Bagamoyo hupata unyevu unaoganda kuwa matone usiku. Ninaliegesha likiwa limejaa, na kabla ya safari ninafungua skrubu ya chini ya filta, ninakinga katika chupa ya kioo, na ninaiacha itulie: maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yake huonekana wazi.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa, na kabla ya kuzigusa nozo, toa filta ya hewa na kuikagua, kwani baada ya barabara ya vumbi huwa imeziba. Ukumbuke pia kwamba injini isiyo na taabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo moshi kidogo na uzito fulani ukifika Iringa au Mbeya si ugonjwa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unahitaji pua: ukiwa na harufu kali ya dizeli na kuchoma macho, ni mafuta yasiyoungua kwa sababu silinda ni ya baridi, ukiwa na harufu tamu na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, basi gasketi ya silinda hedi iko mashakani.

Hilo la silinda ya baridi huwashangaza watu wa pwani. Dar es Salaam injini huwaka hata kama hita plagi, zile plagi za umeme zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, nne kati ya sita zimekufa, na mwenye gari hajui lolote mpaka alale Njombe au Makete mwezi Julai. Kuzipima ni rahisi: fungua bati linaloziunganisha, kisha pima kila moja peke yake kwa mita ya umeme kati ya kichwa chake na mwili wa injini. Nzima husoma ukinzani mdogo sana. Iliyokatika haisomi chochote. Ukinunua mpya hakikisha zinalingana na umeme wa gari lako, kwa maana plagi iliyotengenezwa kwa volti 12 ikipewa 24 huungua mara moja. Na mtu yeyote asikushawishi kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita plagi za moto. Mvuke ule huweza kulipuka ndani ya njia hiyo.

Volti 24 zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanaogeuza Coaster kuwa nyumba wanapoharibu mali. Coaster nyingi zilizotoka Japani zina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Fundi wa redio anahitaji volti 12, anazichukua kutoka betri moja, na taa za ndani, chaja za simu na hata friji vinafuata njia hiyo hiyo. Betri ile hunyonywa mchana na usiku huku mwenzake akikaa amejaa. Alteneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, huziona kama kitu kimoja na huendelea kuchaji mpaka yule aliyejaa achemke maji yake na yule aliyenyonywa asijae kamwe. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekufa, na lawama huangukia betri za siku hizi. Pima kila betri peke yake baada ya gari kulala usiku mzima: betri iliyojaa husoma karibu 12.6, na tofauti inayozidi volti 0.2 kati yake ni onyo. Dawa ni kibadilishi kinachoshusha 24 kuwa 12 kwa mahitaji madogo, na kwa nyumba yenyewe, betri yake tofauti inayochajiwa na sola, isiyoshirikiana kabisa na betri za stata.

Stata ikizunguka kwa uchovu, pima pia waya wa ethi, unaounganisha nguzo hasi ya betri na injini, kabla ya kununua betri. Mguu mmoja wa mita uweke kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu azungushe stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea katika kiungo hicho. Hewa ya chumvi hula hapo kimyakimya, na ukifungua boliti utakuta unga wa kijani chini ya terminali iliyoonekana nzima kwa nje. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, ndio mtihani wa rejeta. Kabla ya kuilaumu injini kwa kuchemka, angalia kifuniko cha rejeta. Iringa maji huchemka kwa nyuzi joto takribani 95, na kinachoyazuia ni shinikizo linaloshikiliwa na springi na mpira wa kifuniko hicho; springi ikilegea, maji hutoka hata kama injini haina kosa. Kisha safisha mapezi ya rejeta, ukipitisha maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, na kagua klachi ya feni, yaani kiungo chenye mafuta ndani kinachoizungusha feni: ikiwa feni inazunguka bila upinzani wowote wakati injini imezimwa ikiwa ya moto, mafuta yake ya ndani yamekwisha.

Mkanda wa taiming, unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari lililonunuliwa bila kumbukumbu, ubadilishe bila kujali mita inasema nini, kwani ukikatika vali na pistoni hugongana.

Upande wa nyumba, kinachonihangaisha ni hewa ya sumu. Injini ya Coaster iko chini ya kifuniko ndani ya chumba, na sili yake ikiisha, moshi wa eksozi inayovuja huingia mahali watu wanapolala. Sili hiyo ibadilishwe mapema, wala injini isiachwe ikiunguruma watu wakiwa wamelala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutua sakafuni, kwa hiyo tundu la kuitoa liwe chini, na viungo vyote vipakwe povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Maji nayo ni mzigo: tangi la lita 120 ni kilo 120 juu ya breki na tairi zile zile. Tairi za gari linalokaa sana huzeeka kabla ya kuisha, basi soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, ambapo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ninapoelekea Sumbawanga na Mpanda, ambako vipuri havipatikani kila kona, ninabeba filta mbili za dizeli, mipira na vibanio vya ukubwa wa bomba la mafuta, pampu ya mkono, washa (ringi) za shaba, mkanda wa feni, kifuniko cha rejeta, fyuzi, mita ya umeme, kile kipande cha mpira wa kupitisha mwanga, na waya mrefu wenye fyuzi unaoweza kupeleka umeme moja kwa moja kwenye solenoidi ikiwa waya wake wa asili umekatika mahali pasipofikika.