Picardie na Tabora, Septemba 1916

Askari wa Kongo walioongozwa na Wabelgiji walipoingia mjini kwetu Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Picardie, jimbo la kale la kaskazini mwa Ufaransa, mapigano ya mto Somme yalikuwa katika mwezi wa tatu, na siku ya kwanza pekee yalikuwa yameua wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000. Siku nne kabla Tabora haijatwaliwa, vifaru vilitumika huko kwa mara ya kwanza vitani, ilhali huku mizigo ya vita ingali vichwani mwa wapagazi, ambao kwa maoni yangu tunawataja kwa nadra mno. Kanisa kuu la Amiens, mji mkuu wa Picardie, lililoanza kujengwa mwaka 1220, milango yake ilikingwa kwa magunia ya mchanga, likanusurika. Tangu 2016 Picardie imo ndani ya mkoa wa Hauts-de-France.