Kadi moja, mti mmoja

Leo nimemaliza kadi ya mti wa mlilana na nina furaha mno, kwa hiyo wacha niandike kabla usingizi haujanichukua. Kwa wasionijua, mimi huchora vikadi vya rangi za maji, ukubwa wa kiganja hivi, kila kimoja na mti wake wa mikoko ya huku Gazi, Kwale, pwani ya Kenya. Vingine nawauzia wageni kule Diani na hiyo pesa inanunua karatasi na rangi za watoto wa klabu ya mazingira, lakini vile vilivyotoka vizuri kabisa siviuzi, vinakaa na watoto.

Watu wananiuliza mbona vidogo hivyo, si uchore bango kubwa ukutani kila mtu aone. Jamani mabango yapo! Yameandikwa TUNZA MAZINGIRA na simba mkubwa katikati, halafu mtoto anapita pwani kila siku akiona miti ya majini yote ni kitu kimoja. Wazee wanaijua yote kwa majina maana walikata boriti na kujengea, watoto wengi ndio hawaijui. Kadi inaingia mfukoni, maji yakipwa tunashuka nayo, mtoto anaiweka kando ya jani lenyewe analinganisha: hili lina ncha kali na vidoti vyeusi kwa chini, basi ni mkoko (mikoko ni jina la miti hii yote, ila mmoja wao ndio huitwa mkoko hasa), hili limepauka upande wa chini, huo ni mchu. Na jani la mchu nawaambia walirambe kabisa, ni chumvi tupu, mti unaitoa kupitia majani na jua likiwaka unaziona chembe zake zinametameta. Hizo chembe kwenye kadi nilizipata kwa mshumaa, yaani unadonoa nta kwenye karatasi kabla ya kupaka rangi, rangi ikipita pale haishiki, panabaki nukta nyeupe.

Mkoko wenyewe ulinisumbua. Mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama, inarefuka inaweza kufika nusu mita au kupita, ndipo inadondoka matopeni. Sasa nusu mita utaiweka wapi kwenye kadi ya kiganja? Nikaunganisha karatasi ndefu nikaikunja mara kadhaa, ukiishika ni kadi tu, ukiifungua mche unashuka mpaka magotini kwa mtoto wa darasa la tatu. Kuna kasichana kalifungua kakanyamaza kwanza, halafu kakakimbia kwenda kutafuta mche wa kweli kapime, kakarudi kananiambia, ticha, mche wangu ni mrefu kuliko wako. Mimi nataka hivyo hasa, kadi ishindwe na mti.

Kadi niipendayo zaidi wageni hawainunui kabisa. Mti uko juu, mdogo sana, na karibu robo tatu ya karatasi ni matope meusi. Nilitaka watoto waelewe kwa nini kijiji kinalipwa, maana hapa Gazi na jirani zetu Makongeni tuna mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 unauza hewa ya kaboni kutoka ekari karibu 290 za mikoko, yaani unalipwa kwa kuitunza mikoko ili kaboni ibaki humo isirudi hewani, na pesa inaingia kwenye shule na maji ya kijiji. Wengi wanadhani kaboni iko kwenye majani na magogo. Sehemu kubwa iko chini, kwenye yale matope tunayoyaona uchafu, imerundikana huko miaka na miaka kwa sababu hewa haifiki na vitu havimaliziki kuoza, ukikata mti na kuyavuruga inaanza kutoka. Kwa hiyo nikayapa matope nafasi yao.

Mlilana wa leo nimeuchora usiku. Maua yake yanafunguka giza likiingia, nyuzi nyeupe nyingi, popo wanakuja kunywa utamu wake na kubeba chavua, na kwa kuwa mti huu unapenda kusimama mbele kabisa upande wa bahari watoto hawaufikii kirahisi. Kwa huu mmoja kadi italazimika kutangulia, mpaka nipate mzazi mwenye mtumbwi atakayekubali kutupeleka jioni.

Bamvua lijalo, maji yakipwa mbali kabisa, natafuta tunda la mkomafi, lile la duara, mbegu zake ndani zimebanana na ukizitoa kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi kwelikweli. Nafikiria kadi ya vipande. Mwenye kujua uliko mkomafi unaozaa saa hizi aniambie, tafadhali msiukate, nakuja mwenyewe.