Wiki Nane za Uanagenzi

Septemba 2022, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Ohio, nilipewa kadi ya mwaliko na mojawapo ya vyama vya undugu, vile vyama vya wanafunzi wa kiume ambavyo Wamarekani huviita kwa herufi za Kigiriki. Nilidhani nimeshakubaliwa. Kumbe kadi ile ilinifanya mwanagenzi tu, na uanagenzi wenyewe ulikuwa wa wiki nane.

Watu wa nyumbani wakisikia habari hizi huuliza kwanza kuhusu pombe na vituko vya usiku, lakini kwa sisi 14 tulioanza pamoja, sehemu kubwa ya siku ilikuwa kazi ndogondogo zisizokwisha. Asubuhi nilibandika beji upande wa kushoto wa shati, na ole wake aliyekutwa kantini bila beji. Baada ya masomo, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, tulikaa maktaba kwa muda wa saa mbili huku kaka mmoja, yaani mwanachama kamili, akishika daftari la mahudhurio. Nakiri kwamba utaratibu huo uliinua alama zangu za kemia, angalau hadi wiki ya tano, usingizi ulipoanza kunishinda palepale mezani.

Daftari la pili ndilo lililotuchosha. Kila mwanagenzi alitakiwa kumhoji kila mwanachama, nao walizidi 60, amwulize kwao ni wapi, anasomea nini na kwa nini alijiunga, ndipo apewe saini. Mmoja alikaa nami jioni nzima akinieleza jinsi baba yake alivyopoteza kazi ya kiwandani, na hadi leo tunapigiana simu. Mwingine aliniahirisha mara nne, kisha akataka kwanza nimletee chakula usiku wa manane. Nilimpelekea.

Vilevile tulikariri majina ya waasisi, pamoja na herufi 24 za Kigiriki, ambazo zilipaswa kwisha kabla moto wa njiti ya kiberiti haujafika vidoleni. Mimi niliyelelewa Tanga na kuhifadhi juzuu kwa sauti tangu utotoni sikuungua hata mara moja, jambo lililowashangaza wenzangu kuliko lilivyostahili.

Kabla ya kuanza, chuo kilitupa mafunzo kuhusu sheria ya Ohio ya mwaka 2021, inayotoa adhabu kali zaidi kwa wanaowatesa wanagenzi, na hasa wanaowalazimisha kunywa pombe. Kwetu hakuna aliyepigwa wala kulazimishwa kunywa. Kwa kuwa mimi sinywi kabisa, nilipangiwa udereva kila Ijumaa na Jumamosi, nikiwarudisha makaka waliolewa hadi saa tisa usiku, na saa mbili asubuhi ya Jumapili nilikuwa tena katika nyumba yao, nikipiga deki sakafu iliyonata kwa bia. Hakuna aliyenishika mkono. Ningeweza kukataa wakati wowote, na hilo ndilo nililolitafakari sana nikiwa na ndoo: kwamba kila ombi lilikuwa dogo mno kukataliwa, na kwamba aliyekataa angewaachia kazi wenzake 13, ambao ndio hasa niliowapenda.

Rafiki yangu aliniuliza kwa simu kama lile lilikuwa jando. Nilimjibu kwamba lilifanana zaidi na maisha ya njuka katika shule ya bweni, isipokuwa huku njuka ndiye anayelipa ada ili aonewe. Alicheka, mimi sikucheka sana.

Wawili waliacha wiki ya sita. Sisi wengine tuliapishwa Novemba, katika sherehe ambayo niliahidi kutoisimulia.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja asubuhi, nilikuwa nimejilaza kwenye kochi la nyumba ileile alipokuja kijana mmoja, suruali imelowa hadi magotini, akaweka chini ndoo na kunipa daftari lake ili nimjibu maswali yake. Nilimwambia arudi Jumanne.