Ngurumo Nyuma Yangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikimfuata binti yangu kwa miguu, yeye akiwa juu ya baiskeli aliyonunuliwa na bibi yake siku ya Idd, nami nimeshika nyuma ya tandiko ingawa amekwisha kujimudu na hakunihitaji tena. Bodaboda ilitupita karibu sana, na nyuma yake likaja lori la mchanga. Kabla sijasema neno, mtoto alikuwa ameshashuka mwenyewe hadi kwenye majani ya pembeni. Hakuna aliyemfundisha. Alisubiri vumbi litulie, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, hakuna barabara isiyo na magari kabisa?"

Nikamjibu kwamba ipo, na kwamba mimi mwenyewe nimeipita. Usiku ule, kabla hajalala, nilimsimulia habari za Uhispania: mahandaki thelathini, vijiji vilivyopakwa chokaa, na tumbusi ambao mabawa yao yakinyooshwa hayatoshi mlangoni kwetu. Sehemu moja niliiacha, na ndiyo hiyo inayonifanya niandike leo.

Ilikuwa Novemba, katika miezi niliyokaa Sevilla, mji wa kusini mwa Uhispania. Mwenyeji wangu alinishusha asubuhi kwenye stesheni ya Puerto Serrano, nikakodi baiskeli, nikaanza safari ya kwenda Olvera, mwendo wa kilomita 36 hivi kuelekea mashariki. Nasema stesheni, na ni stesheni kweli, ila treni haijawahi kufika hapo. Katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa dikteta Miguel Primo de Rivera, ilipangwa reli ya kutoka Jerez hadi Almargen, ikatize katika milima hii na kuviunganisha vijiji vyake na nchi iliyobaki. Watu walitoboa milima, wakajenga madaraja manne marefu ya matao juu ya mabonde, wakasimamisha stesheni. Kisha fedha zikakatika, mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na kazi yote ile ikaachwa milimani kama ilivyo. Tangu mwaka 1993 Wahispania wamekuwa wakizigeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu, wanaziita Vías Verdes, yaani njia za kijani, na kwa jumla zimekwisha kupita kilomita 3,000. Hii niliyoipita mimi ni Vía Verde de la Sierra. Kwa kuwa ilipimwa kwa ajili ya treni, ambayo haiwezi mlima mkali, mpanda baiskeli hupanda polepole bila kutumia nguvu nyingi, na mara kwa mara hushangaa akitazama nyuma na kuona bonde limekuwa chini sana.

Mizeituni ilinisimamisha zaidi ya nilivyotarajia. Chuoni Tanga tulilitamka neno zeituni kwa miaka mingi kabla yeyote kati yetu hajauona mti wenyewe, nami kichwani mwangu niliujenga uwe mkubwa kama mwembe wa msikitini. Kumbe ni mti mfupi, shina limepinda na kupasuka kama kamba iliyosokotwa na mtu mwenye haraka, majani yake upande wa chini yana rangi ya fedha, na imepandwa kwa mistari kutoka bondeni hadi juu ya kilima, kilima baada ya kilima. Ulikuwa msimu wa mavuno. Watu walikuwa wametandika nyavu chini ya miti na kuyapiga matawi kwa fito ndefu, na sauti ya zeituni zikidondoka juu ya nyavu ilikuwa kama mvua inayoanza. Mzee mmoja alinifungulia kiganja chenye zeituni tatu, akanizuia nisizile kwa sababu zikitoka mtini ni chungu mno hadi zikae katika maji ya chumvi, akasema: "Aceitunas." Nikamwambia kwetu ni zeituni. Alilirudia mara mbili, taratibu, kama mtu anayelitambua, na ni haki yake kulitambua, kwa maana neno lake na langu yote mawili yametoka katika Kiarabu, moja likavuka bahari kuelekea kaskazini na jingine likateremka pwani hadi kwetu.

Mengine ya siku ile nitayapita haraka. Niliwaona tumbusi wakizunguka juu ya jabali la Zaframagón, ambako huzaliana kwa wingi, kila mmoja na mabawa yenye upana wa mita mbili na nusu hivi, nao walizunguka bila kupiga bawa hata mara moja muda wote niliosimama kuwatazama. Nilikula mkate wa kuchoma uliomiminiwa mafuta ya zeituni na nyanya iliyosagwa. Nilivuka madaraja. Yote hayo nilimsimulia mtoto.

Sasa handaki. Habari za siku kaka yangu alipoumia na baiskeli katika barabara ya Muheza nimekwisha kuziandika kwingine na sitazirudia. Inatosha kusema kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki hadi leo, na kwamba baba aliitundika baiskeli ile ukutani na haikushushwa tena. Sisi tuliokulia kando ya barabara ile tulijifunza kusikia kwa mgongo. Bila kugeuka tulijua kama linalokuja ni lori tupu au lililobeba, kama dereva amekuona au hajakuona, na tulijua ni sekunde ngapi zimebaki za kuiacha lami na kushuka pembeni. Barabara ilikuwa yao, na pembeni palikuwa petu.

Handaki refu kuliko yote katika njia ile linakaribia kilomita moja. Ndani mna taa zinazowaka zenyewe mtu akipita, na kuzimika mtu akishapita au akitulia. Nilipofika katikati nilisimama, kwa sababu nilitaka kuugusa ukuta. Nilikuwa nawawaza wale waliouchimba mlima, waliokula vumbi lake kwa ajili ya treni ambayo haikuja. Ukuta ulikuwa baridi na wenye unyevu, na mahali fulani maji yalikuwa yakidondoka, tone, kimya, tone. Taa zikazimika. Nilisimama gizani bila hofu yoyote, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye usukani, na nakumbuka nikiwaza kwamba sijawahi kukaa mahali penye utulivu kama ule nikiwa na baiskeli.

Ndipo nikaisikia ngurumo. Ilitoka nyuma, nzito, ya mfululizo, ikijaza handaki zima na kuongezeka kila nukta. Mgongo wangu uliijua: lori, limebeba, halijaniona. Akili yangu ilifahamu kwamba hakuna gari linaloruhusiwa mle, nilikuwa nimelisoma katazo mlangoni kwa macho yangu, lakini mwili haukuiuliza akili. Niliitupa baiskeli, nikajibandika ukutani, mikono miwili kichwani, macho nimeyafumba, nikaanza kutamka yale tunayotamka. Na katika muda ule, ambao haukuzidi nusu dakika, niliisikia sauti ya kaka akiniita kama alivyoniita siku ile kutoka mtaroni, si kwa kupiga kelele bali kwa upole, kama mtu anayeomba asaidiwe kufungua mlango.

Taa zikawaka. Aliyekuja alikuwa msichana wa miaka sita hivi, juu ya baiskeli ndogo yenye magurudumu mawili ya ziada, ya plastiki, na ni hayo magurudumu yaliyokuwa yakikwaruza sakafu ngumu huku mlima ukiikuza sauti yake. Alipiga kengele, akanitazama, akasema "hola," akapita. Mama na baba yake walikuwa nyuma kidogo, nao wakashuka. Mama aliiinua baiskeli yangu kabla mimi sijainama, akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba alisita kuniachia usukani.

Kitu nilichokitazama, wakati baba yake akininywesha maji, ni yule mtoto. Alikuwa akiendelea mbele peke yake, taa zikiwaka mbele yake moja baada ya nyingine, akiyumba kutoka upande huu wa njia hadi ule, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Hakuwa mtoto jasiri kuliko sisi. Hakuwa na cha kusikiliza tu. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtoto, na hadi siku ile sikuwa nimejua kwamba mgongo wa mtoto unaweza kuwa hivyo.

Nilipotoka kwenye mwanga niliketi chini ya mzeituni wa kwanza niliouona na kulia. Ningependa kusema ni furaha ya kujua kwamba njia kama ile ipo duniani, na pengine furaha nayo ilikuwamo. Lakini nilichokihisi zaidi ni msiba. Nilimlilia kaka, ambaye yu hai na ana afya njema, na nilikuwa sijamlilia kwa miaka ishirini. Olvera nilifika jioni, kanisa na ngome vikiwa juu ya kijiji cheupe katika mwanga wa mwisho, na sikupiga picha.

Sikumwambia binti yangu sehemu hii kwa sababu ningelazimika kumweleza kwa nini baba yake alijibandika ukutani, na kwa kuwa yeye mwenyewe Jumamosi ile alishuka kwenye majani bila kuambiwa, nadhani angenielewa upesi mno. Moyo wangu ulifurahi aliposhuka, maana kushuka ndiko kunakomrudisha nyumbani. Moyo huo huo uliumia, na hadi sasa sijui ni upi kati ya mioyo hiyo miwili niliopaswa kumwonyesha.

Jana aliniuliza swali la pili, akiwa anapaka mafuta mnyororo: kama wale wa Uhispania walikuwa na reli ambayo haikuwa na treni, sisi tunahitaji kuwa na nini kwanza? Nikamwambia amalize mnyororo. Kesho asubuhi tutatoka mapema, kabla malori ya mchanga hayajaanza, na ameniomba nisishike tandiko.