Redio juu ya jabali, Ukerewe
Jana tulilala kwenye hema ufukweni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria; simu hazina mtandao kabisa. Redio yangu ya betri ilikuwa inakoroma tu. FM husafiri karibu moja kwa moja, na majabali yalituziba. Nikapanda juu ya jiwe, nikavuta antena yote, nikageukia upande wa Mwanza. Ikashika! Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA): upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani.

Nilishuka mbio kuwaambia wavuvi wa dagaa, walikuwa wanaandaa taa. Mzee mmoja akanishika mkono: "Asante mwanangu, leo hatuingii."

Saa tisa usiku radi zikaanza. (Dhoruba nyingi za ziwa hili huja usiku, pepo za nchi kavu zikikutana juu ya maji.) Nikachungulia nje. Mitumbwi yote ilikuwa mchangani. Nililia, jamani.